Chombo Hakirudi Kitupu

1

Kufikia saa nne asubuhi chupa arobaini zilikuwa zimenyamaza. Moja ilikuwa bado inatoa mapovu.

Dkt. Kokugonza Rwegoshora alisogeza kiti, akainama hadi pua ikakaribia kugusa kioo, kana kwamba chupa ingeona haya ikitazamwa kwa karibu. Haikuona haya. Povu lilipanda, likapasuka, jingine likafuata.

"Namba kumi na saba ina kiburi," alisema Byabato nyuma yake. Byabato alikuwa fundi wa maabara hii tangu Koku akiwa msichana wa sekondari aliyeletwa kiwandani na walimu wake kutembezwa, na kwa sababu hiyo alijipa ruhusa ya kuongea na kila kitu kilichomo humo, chupa, mizani na madaktari, kwa sauti ile ile. "Nimeipa dozi ya Shangazi mara mbili. Nimeipa mara tatu. Shangazi anaingia, anakaa siku moja, anafukuzwa. Imetoka wapi hii?"

"Milimani."

"Milima ya hapa Rwamigongo ni mingi, Daktari. Lebo za wenzake zina jina la kijiji na jina la mwenye nyumba. Hii ina namba tu, na mwandiko ni wako."

Koku alichukua kalamu akaandika kwenye daftari, *17: inaendelea*, ingawa mashine ilikuwa imeshaandika yenyewe tangu alfajiri. Mkono ulihitaji kazi.

Kila anayeanza kazi ya gesi ya taka hufundishwa kwanza kwamba tangini mna wapishi wa zamu nne. Wa kwanza hukatakata maganda kuwa sukari. Wa pili huichachua ile sukari. Wa tatu hugeuza uchachu kuwa siki, na wa nne, ambao ndio wenye thamani, huila siki wakatoa gesi inayowaka. Hao wa nne ni wadekezwa. Hewa kidogo wanakufa, uchachu ukizidi wanakufa, ukibadili chakula ghafla wanasusa. Ndiyo maana zamani tani moja ya maganda ya ndizi ilitaka siku thelathini, na kiwanda cha unga na juisi ya ndizi cha Rwamigongo kilikuwa kinatoa tani sitini kwa siku. Nyingine zilitupwa korongoni, zikanuka mpaka waumini wakawa wanaimba kanisani wameziba pua.

Kisha Koku akamtengeneza Mlafi. Mlafi alikuwa bakteria mmoja aliyefanya zamu zote nne peke yake, kwa saa tisa, na hewa hakuiogopa. Katika miaka mitatu mabomba yalipanda kila mlima. Mita za ukutani zikawa zinaamkia wenye nyumba kwa Kihaya na kuwaambia wamebakiwa na gesi ya siku ngapi. Misitu ilianza kurudi mpaka nyani wakarudi nayo, na wasichana wadogo ukiwaambia habari ya mzigo wa kuni kichwani wanakutazama kama unawatungia.

Lakini Mlafi alitoka nje, na rasmi hakuna aliyejua kwa njia gani. Hakumdhuru mtu wala ng'ombe. Kosa lake lilikuwa kupenda kila kitu kinachochachuka. Ukiweka togwa, Mlafi amewahi. Ukiweka maziwa yagande, amewahi. Lubisi, ile pombe ya ndizi ambayo bila yake hakuna posa inayopokelewa wala ugomvi unaosuluhishwa, ilikuwa inalala tamu na kuamka maji matupu yasiyo na ladha, kizibo kimerushwa juu ya paa. Mwaka wa tatu huu wakwe walikuwa wanabeba pakiti za unga wa ladha ya lubisi kutoka mjini. Wazee waliunywa kwa sura ya mtu anayenyweshwa dawa ya minyoo.

Shangazi ndiye aliyekuwa dawa. Alikuwa kirusi kinachokula bakteria wa aina moja tu, kazi ya miezi ishirini ya Koku, na jina alipewa na Byabato, kwa hoja kwamba shangazi ndiye mtu pekee katika ukoo anayeweza kumnyang'anya mlafi sahani. Matangini alikuwa ameshawekwa Mlafi mpya, ambaye Shangazi hamjui. Nje, yule wa zamani angesafishwa. Gesi ingebaki na lubisi ingerudi, kama si chupa ya kumi na saba.

"Huyu amepata kinga," alisema Byabato, naye sasa ameinama. "Na si kinga ya kuokota njiani. Nimesoma vinasaba vyake. Anazaliana na ndugu zake, Daktari. Huko alikotoka kuna bakteria wa asili, wale wale uliomtengeneza kutokana nao, na wamempa walichokuwa nacho. Duniani kote wapo mahali pamoja tu. Wewe uliwatoa wapi, mwanzoni kabisa?"

"Kwenye hori la baba yangu."

Byabato alivua miwani. Alimfahamu mzee huyo, Ta Rwegoshora; nani hakumfahamu? Lile hori la mti lilichongwa na babu wa babu yake, na ndani yake wanaume wanne walikuwa wanakanyaga ndizi mbivu kwa miguu, wakiimba, huku mzee akiwasimamia. Halikuwahi kuguswa na sabuni. Mzee alikuwa akisema lubisi haipikwi na mtu, hupikwa na mti wenyewe, na hapo alikuwa amesema sayansi bila kujua.

"Wale wa asili tuliwahifadhi kwenye friza," alisema Byabato polepole. "Tukiwapata wale, hata hori likichomwa..."

"Tuliwatupa. Mwaka ule tulipohitaji nafasi ya Mlafi. Sahihi ni yangu."

Fundi alitazama chupa, akavaa tena miwani, akaitazama upya.

2

Injinia Salome Ngailo, mkuu wa kiwanda, hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Alisikiliza hadi mwisho amesimama dirishani, matangi kumi na mawili yakimeta nyuma yake kwa jua la mchana, kisha akaketi.

"Vuli inaanza baada ya wiki mbili," alisema. "Tukimwachia Shangazi ashuke na mvua, baada ya masika tunasahau habari hii. Asiposhuka sasa, tunangoja mwaka. Na akishuka huku chupa yako ya kumi na saba ingali hai..."

"Mlafi wa pale atatoka tena, safari hii ana kinga. Hatutakuwa na dawa nyingine."

"Kwa hiyo hori lichomwe."

"Lichomwe, na kila kibuyu, na kila kata ya kuchotea, na udongo wa chini yake."

"Nitatuma watu wa afya kesho asubuhi."

"Nitakwenda mwenyewe, leo."

Injinia aliegemea kiti chake. "Kuna kitu kimoja kwenye ripoti ya tume iliyochunguza Mlafi alivyotoka kilichonisumbua," alisema. "Mlafi wa kwanza tulimfunga. Tulimnyima uwezo wa kujitengenezea kirutubisho kimoja, tulichokiita chumvi yake, tukawa tunamlisha sisi tangini. Akitoka nje bila chumvi yetu anakufa kwa siku mbili. Ili akae hai ilibidi apelekwe, akiwa bado ana chumvi yetu mwilini, mpaka mahali pale pamoja alipo ndugu wa kumfungua. Popote pengine angekufa. Tume iliandika kwamba chanzo hakijulikani."

Koku alifungua kinywa.

"Usiniambie," alisema Injinia Ngailo upesi. "Ukiniambia itabidi niandike, nikiandika utaondoka, na wa kumshusha Shangazi ni wewe. Nitakupa barua. Amri ya wilaya, usafi wa vyombo vya pombe, mhuri, basi. Mzee ana umri gani?"

"Themanini na mbili."

"Basi ana haja gani ya kujua zaidi?"

Barua ilichapwa hapo hapo. Koku aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni, na akaona aibu kwa jinsi ilivyomtuliza.

3

Mtoto wa watu haendi kwa wazazi mikono mitupu. Njiani alinunua senene, wale panzi wa kuliwa, waliokaangwa vizuri, akawatia kwenye ndoo yake ndogo ya bati yenye kifuniko, na alipokuwa anapanda kilima aliwasikia wakichakacha ndani kwa kila hatua. Hapo ndipo alipokumbuka kibuyu, ingawa kusema kweli hakuwahi kukisahau hata siku moja katika miezi minane, tangu ripoti ya tume ilipomfumbua macho.

Kibuyu kilikuwa hivi. Miaka mitano nyuma alimwomba baba yake amkwangulie masimbi, yale mashapo ya chini ya hori, kwa ajili ya utafiti. Mzee alikwangua, akayatia kwenye kibuyu cha shingo ndefu, akampa akicheka kwamba sasa serikali inasoma uchafu wake. Miaka miwili baadaye Mlafi alifaulu. Siku ya kusherehekea, Koku alikiona kibuyu kile juu ya kabati la maabara, akaona vema akirudishe kwa wenyewe. Ila mama yake alimlea na neno moja ambalo hakuna mtu wa kwao asiyelijua: chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Sokoni hakuwa na muda wa kupita. Tangi lilikuwa hapo. Tope linalobaki baada ya gesi ni mbolea ambayo hata ndizi zinakushukuru, na kanuni ya kulichemsha kabla halijatoka nje aliiandika yeye mwenyewe, kwa hiyo alijua kwamba ni tahadhari tu, maana Mlafi amefungwa, atakufa kwa siku mbili. Alijaza kibuyu. Mama yake alikipokea kwa mikono miwili.

"Mnaona?" alisema mama, akiwageukia majirani. "Huyu nimemlea."

Baba alimwaga mbolea kwenye mashina ya ndizi, akasuuza kibuyu, na kama kawaida yake tangu ujana akakirudisha kwenye kazi yake, kuchotea lubisi horini.

Ta Rwegoshora alikuwa amekaa pale alipokuwa akikaa siku hizi zote, kwenye kigoda kando ya hori lililo kavu, mikono juu ya magoti. Nyasi za kukanyagia ndizi zilikuwa zimefungwa kitita ukutani, zimekuwa kijivu.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Leo si Jumapili. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimeleta senene."

"Waitu! Mama yako angefurahi." Aliipokea ndoo akaiweka kando bila kuifungua. "Kaa. Una uso wa mtu aliyetumwa."

Koku alikaa juu ya gogo, akatoa barua, na kwa kuwa macho ya mzee hayakuwa tena ya kusoma, akamsomea. Aliisoma yote, mpaka cheo cha aliyetia mhuri. Alitegemea ugomvi. Baba yake aliwahi kumfukuza bwana afya na fimbo kwa kutaja tu neno sabuni, na Koku alikuwa amejiandaa kwa fimbo. Angeipokea kwa shukrani.

"Wana haki," alisema mzee.

"Tata?"

"Nasema wana haki. Hata mimi nimefikiri kulichoma, sikuwa na ujasiri." Aliinua mguu wake wa kulia kidogo, akautazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemuuma mgeni. "Ni mguu huu. Sijawahi kukwambia. Mama yako alipofariki, waombolezaji walijaa, na vijana wa kukanyaga ndizi walikuwa makaburini wanachimba. Nikasema sitaaibika mbele ya watu siku ya kumzika mke wangu. Nikaingia horini mwenyewe, na udongo wa kaburi nyayoni, sikunawa. Lubisi ile ndiyo ya kwanza kuharibika. Uliona vibuyu vilivyopasuka mbele za watu. Baada ya hapo nchi nzima." Aliushusha mguu chini. "Wanajua. Hawasemi, lakini wanajua. Ta Kagaruki alipoposa binti kwa mwanawe hakuniita, nami ndiye niliyemsimamia ndoa yake. Nikamwelewa."

Koku aliuona mkono wake mwenyewe umeikunja barua mpaka imekuwa kama kidole. Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu la kukubali, au hata kunyamaza, na mzee angechoma hori lake kwa amani, kisha angelala kaburini siku moja akiamini kwamba ni yeye aliyeharibu vinywaji vya nchi nzima kwa kumpenda mkewe na kukosa kunawa miguu. Majuto ni mjukuu, na huyu wa Koku alikuwa ameshakua, amesimama mbele yake anamtazama usoni.

"Si mguu wako, tata."

"Nyamaza, mwanangu. Usinibembeleze."

"Si mguu wako. Ni kibuyu. Kile nilichokurudishia mimi na mbolea."

Alimweleza. Hakutumia maneno ya maabara. Alimwambia kwamba alimtengeneza mla maganda kutokana na masimbi ya hori hili, akamfunga mlango, na kwamba mlango ule ungeweza kufunguliwa mahali pamoja tu, kwa ndugu zake, na yeye mwenyewe ndiye aliyemrudisha kwa ndugu zake, ndani ya kibuyu, kwa sababu hakutaka kuja na chombo kitupu. Alipomaliza, kuku walikuwa wameizingira ndoo ya senene, wanadonoa kifuniko, na hakuna aliyewafukuza.

"Mama yako alikusifu siku ile," alisema mzee.

"Najua."

"Alikusifu mbele za watu."

"Najua, tata."

"Umejua haya tangu lini?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa kuliko fimbo. "Miezi minane."

Ta Rwegoshora alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea hesabu ya mifugo iliyopotea. "Ile miaka ulipokuwa hujui, sina neno nayo. Mtu hukosea. Mimi mwenyewe ningekijaza kibuyu kile." Sauti yake haikupanda. "Lakini miezi minane ulikuwa unakuja hapa kila Jumapili. Unakula kwangu. Unaniona nimekaa hapa na mguu wangu. Ulikuwa unaniona, Koku?"

"Nilikuwa nakuona."

"Haya."

Alisimama. Koku naye akasimama, akashika upande mmoja wa hori ili wasaidiane, na mzee akamwambia, bila ukali, "Liache." Aliliburuta peke yake hadi katikati ya uwanja, akipumzika mara tatu. Alileta vibuyu vyote, kumi na kimoja, kile cha shingo ndefu kikiwa juu. Alileta kata. Alikusanya majani makavu ya ndizi na kile kitita cha nyasi za kukanyagia, akapanga vizuri chini yake kama mtu anayemtandikia mgonjwa. Kisha akaingia jikoni, na Koku akaisikia mita ya ukutani ikimsalimu kwa sauti yake ya uchangamfu, ikimwambia kwamba amebakiwa na gesi ya siku ishirini na sita. Mzee alitoka na kijinga alichokiwashia kwenye jiko. Moto wa Mlafi ndio uliolichoma hori, na ulishika vizuri, kwa kuwa mti ule ulikuwa umekunywa sukari ya ndizi kwa miaka mia na zaidi. Harufu iliyotoka ilikuwa ya lubisi halisi. Majirani walitoka nje wakasimama kwenye migomba yao wakiinusa.

Ta Kagaruki alikuwa mmoja wao. Koku alifuta uso kwa kitenge, akavuka uwanja, akamwambia yeye na wote waliokuwa pale maneno yale yale aliyomwambia baba yake, kibuyu, mbolea, mlango, miezi minane. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka motoni. Aliporudi mzee hakuwa amegeuka, lakini mabega yake yalikuwa yamesikia.

Walisimama hadi hori lilipokatika katikati. Udongo wa chini yake mzee aliuchimba mwenyewe, akautupia motoni jembe kwa jembe.

Jua lilikuwa bado liko juu kidogo alipokwenda jikoni tena. Alikaa humo muda. Koku alisikia maji yakichemka. Mzee alitoka ameshika ile ndoo ya bati. Senene alikuwa amewahamishia kwenye sahani yake, ndoo ameisuuza kwa maji ya moto, nje na ndani, ameifuta kwa kitambaa. Alimpa kwa mikono miwili, kama mama yake Koku alivyokipokea kibuyu.

"Barabara inateleza pale darajani," alisema. "Pita juu."

"Asante, tata. Nitakuja Jumapili?"

"Jumapili ni siku ya watu wote."

Koku aliipokea ndoo, na mkono wake, uliozoea tangu utotoni kutoka nyumba hii umeelemewa, na ndizi, na maharage, na mayai matatu yaliyofungwa kwenye majani, ukapanda juu wenyewe kwa wepesi wake. Alifika darajani ndipo akathubutu kufunua kifuniko. Ndani palikuwa pakavu, pasafi, pamechemshwa. Hakuna hata unyasi. Huenda mzee alikuwa amejifunza tahadhari, na hicho ndicho chombo cha kwanza salama kutoka katika nyumba ile. Huenda ilikuwa ni ile miezi minane. Koku alisimama akageuka kutazama moshi juu ya migomba, akataka kurudi kumwuliza, na hakuwa na uso wa kurudi nao.